Mizizi Nayo Yataka Pumzi



Katika nchi ya Usukuma, ambako kiangazi ni kirefu na mvua huja kwa kusuasua, mtu akisema kwamba mti wake umekufa hakuna amwulizaye sababu. Wote hudhani wajua: umekufa kwa kiu. Lakini juma hili twataka kuwasimulia habari za mche mmoja uliokuwa karibu kufa kwa wingi wa maji, tena katika mji ambapo maji hununuliwa kwa dumu. Twaisimulia kwa sababu tangu siku ile hatukuweza kuitoa moyoni, na kwa sababu twaamini kwamba nyumba nyingi za Wakristo katika nchi yetu zina mche wa namna hiyo, hata kama hazina chungu cha maua hata kimoja.

MCHE WA MAGANZO

Maganzo ni mji mdogo katika Wilaya ya Kishapu, kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza. Jirani yake ni Mwadui, mahali ambapo Mkanada John Williamson, mtaalamu wa miamba, aligundua almasi mwaka 1940. Tangu hapo watu wa pande zile wamejua kwamba mtu aweza kulala maskini akaamka na fedha, na aweza vilevile kulala na fedha akaamka maskini. Kiangazi kilichopita tulipita huko kwa safari ya kazi, tukapokewa kulala katika nyumba ya familia moja ya Kikatoliki. Majina yao hatutayataja. Wao wenyewe wametupa ruhusa ya kuisimulia habari hii, wakisema kwamba huenda ikamfaa mwingine.

Barazani palikuwa na kopo kubwa la rangi, na ndani yake mche wa mlimau uliofika kimo cha goti. Majani yake yalikuwa ya manjano, tena yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Jioni ile tulimwona binti wa nyumba, mtoto wa miaka tisa, akitoka na bakuli lililojaa maji, akalimimina lote ndani ya kopo. Mama yake akatuambia kwamba hufanya hivyo asubuhi na jioni, na kwamba maji yale huyatoa katika fungu lake mwenyewe la kuogea. Tulipomwuliza kwa nini auhangaikia hivyo mti mmoja, akajibu bila kuinua macho, "Ni wa kaka, Padri. Alipanda mbegu yake kabla hajaondoka. Nataka akirudi aukute."

Usiku, watoto walipokwisha kulala, baba mwenye nyumba akatueleza habari za huyo kaka. Alikuwa mwana wake wa kwanza na wa pekee wa kiume. Tangu utoto hakuwahi kunyimwa kitu. Alipomaliza kidato cha nne alinunuliwa pikipiki afanye kazi ya kubeba abiria. Akaiuza. Akapewa mtaji wa kwenda machimboni upande wa Geita. Akarudi bila mtaji, tena na deni. Deni likalipwa. Likaja la pili, nalo likalipwa. La tatu lilipokuja pamoja na harufu ya pombe, baba alishikwa na hasira, akamtoa nje mbele ya majirani, akatupa nguo zake barabarani, akasema asimwone tena mlangoni pake. Ilikuwa imepita miezi saba. Hapo mama, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akaanza kulia. Akakiri mbele yetu kwamba kila mwisho wa mwezi alikuwa akimtumia kijana fedha kwa simu, kwa siri.

Baba hakujua. Wasomaji waweza kuwaza ukimya ulioingia nyumbani mle.

Nasi, lazima tukiri, tulilala tukitayarisha maneno. Tulikuwa na fungu moja la maneno makali kwa ajili ya baba, na fungu jingine la maneno makali kwa ajili ya mama. Bwana Mungu akaona afadhali tunyamaze, maana asubuhi alimleta mwalimu mwingine.

KAZI YA MZEE

Mwalimu huyo alikuwa mzee jirani, aliyekuja kutusalimu. Akasema "Mwangaluka," akaketi, na kabla hajamaliza kuuliza habari za safari macho yake yakawa yamefika kwenye kopo. Katika ujana wake mzee huyu alifanya kazi katika kitalu cha miche, siku za mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule ulioitwa HASHI. Akachovya kidole katika udongo, akakitoa, akakinusa.

"Nani anaunywesha huu?" akauliza.

"Mimi, babu," akajibu binti.

"Unaupenda, mjukuu wangu. Nao unazama."

Binti akasema kwamba majani yamelegea kwa kiu. Mzee akatikisa kichwa, akaeleza jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na ambalo wataalamu wa kilimo wanalithibitisha. Mizizi hainywi tu, bali yapumua pia. Kati ya chembe na chembe za udongo mna nafasi ndogo ndogo, na katika nafasi hizo hukaa hewa. Mtu akimwaga maji kupita kiasi, na hasa chombo kikiwa hakina tundu, maji huzijaza nafasi zote na hewa hufukuzwa. Mizizi hukosa pumzi, hufa, huanza kuoza, na vijidudu vya ukungu huja kumaliza kazi. Sasa mzizi uliooza hauwezi tena kuvuta maji, hata ukiwa umelala ndani ya maji. Kwa hiyo majani hulegea kama ya mti wenye kiu. Mwenye mti huona majani yamelegea, humwonea huruma mgonjwa wake, akaongeza maji. Hivyo dawa ndiyo inayoongeza ugonjwa, na kadiri mti unavyougua ndivyo unavyozidi kupewa kile kinachouua.

Kisha akafanya kazi yake, nasi tukaketi kumtazama. Twaieleza hatua kwa hatua, kwanza kwa sababu yaweza kumfaa kila mwenye chungu barazani, na pili kwa sababu tutairudia.

Kwanza aliuhamisha mche kivulini, maana mti wenye mizizi mibovu hauwezi kustahimili jua kali. Hakushika shina na kuvuta. Alisema kwamba watu wengi huuokoa mti na maji kisha huuua kwa mkono, kwa kuung'oa. Alilipasua kopo kando kwa mkasi wa bati, akalilaza ubavu, akaupitisha mkono chini ya bonge la udongo, na kwa vidole vya mkono wa pili akalizuia shina lisiyumbe, ndipo akalitoa bonge zima kwa pamoja. Udongo ulikuwa ule mweusi wa mbuga, ambao masika hushika maji kama sifongo na kiangazi hupasuka nyufa. Ulikuwa umelowa, tena wanuka. Akaomba magazeti ya zamani, akalifunga bonge lote ndani yake ili magazeti yanyonye maji, akayabadilisha mara mbili. Moja la magazeti hayo lilikuwa hili letu. Hatukuona haya. Tulifurahi kwamba lilipata kazi ya pili.

Bonge lilipopungua maji, aliupukutisha udongo polepole kwa ncha za vidole, bila kuukung'uta wala kuukamua. Mizizi ikaonekana. Mingi ilikuwa ya rangi ya kahawia, laini, na ukiigusa ganda lake lavuliwa kama soksi. Lakini katikati mlikuwamo mizizi michache myeupe, migumu kidogo, iliyo hai. Mzee akakipitisha kisu katika moto wa jiko, akakiacha kipoe, akakata mizizi iliyooza peke yake, akifika mahali penye uzima akikoma. Wala hakukata mmoja kwa kukisia. Kila mzizi aliugusa kwanza. Baadaye akapunguza majani kadhaa, akisema kwamba mizizi iliyobaki ni michache nayo haitaweza kuyalisha majani yote.

Udongo mpya aliutengeneza kwa mchanga wa mtoni, udongo mwepesi wa shambani, na samadi ya ng'ombe kiasi kidogo, iliyokwisha kuoza na kupoa. Kwa chombo alichukua ndoo ya zamani iliyotobolewa chini, isiyozidi kopo lile kwa ukubwa ila kidogo tu. Binti alitaka kuleta beseni kubwa. Mzee akakataa, akisema kwamba udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji siku nyingi, na ugonjwa utarudi. Juu ya tundu akaweka kigae kimoja, udongo usitoke, akaupanda mche kwa kina kile kile cha mwanzo, akaushindilia udongo kwa wepesi. Halafu akapiga magoti mbele ya binti, akamshika mikono yote miwili.

"Sasa kazi ngumu ni yako," akamwambia. "Leo hutaunywesha. Kesho hutaunywesha. Siku ya tatu utatia kidole hadi pingili ya kwanza. Kukiwa kukavu, utanywesha mpaka maji yatoke chini, kisha utangoja tena. Kukiwa kumelowa, utaondoka."

"Na ukilegea, babu?"

"Utaulegeza moyo wako, lakini hutamwaga maji."

MAJI YALIYOZIDI NYUMBANI

Tulipoinua macho tuliwaona baba na mama wamesimama mlangoni, kila mmoja upande wake. Hatukuwa na haja ya kuhubiri. Lakini ninyi, ndugu wasomaji, hamkuwapo, kwa hiyo mtuvumilie tuseme kidogo.

Twaogopa kwamba katika nyumba zetu upendo mwingi umegeuka kuwa maji katika kopo lisilo na tundu. Yapo maji ya mali. Wazazi waliokua bila viatu huapa kwamba mtoto wao hatajua shida, na katika kumkinga na shida humkinga pia na kazi, na kungoja, na kukosa, na kuomba radhi. Akivunja cha jirani, baba hulipa. Akishindwa mtihani, mwalimu ndiye hulaumiwa. Akikopa, mama huuza mbuzi. Huyu hakufundishwa kubeba kitu, na siku mzigo wake utakapomfika mabegani atalegea, nasi tutadhani alegea kwa kuwa tumempa kidogo.

Yapo tena maji ya maneno. Wako wazazi, na wako mapadri na makatekista pia, wasioweza kumwona kijana bila kummwagia mawaidha. Asubuhi mawaidha, mezani mawaidha, hata katika sala ya jioni, badala ya kusema na Mungu, twasema na mtoto kwa kupitia kwa Mungu, tukiomba kwa sauti kwamba fulani aache uvivu. Neno jema ni kama mvua njema. Lahitaji muda wa kuzama, na baada ya kuzama lahitaji kimya. Bwana Wetu mwenyewe, aliyekuwa na neno la uzima, aliketi siku nyingi na wanafunzi wake akila na akitembea.

Na yapo maji ya macho, yaani ulinzi usiokoma. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliwaonya wazazi juu ya jambo hili katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016. Alifundisha kwamba kumfuata mtoto kila hatua na kutaka kuishika kila hali ya maisha yake hakumlei. Yafaa kujua mwana wetu yuko wapi katika safari ya moyo wake, kuliko kujua tu amesimama barabara gani. Mtoto aliyelindwa daima hajapata bado kuchagua jema kwa hiari yake, na jema lisilochaguliwa halina mizizi.

Tusieleweke vibaya. Ukame nao huua, tena huua watoto wengi zaidi. Baba anywaye ada ya shule asijifiche nyuma ya maneno haya, wala mama asiyemwuliza mwanawe amelala wapi. Katika mikoa ya madini wako watoto wanaobeba mawe wakati wenzao wanabeba madaftari. Hao hawakuzidishiwa chochote, na atakayewaambia wavumilie ukavu atajibu mbele ya Mungu. Hapa twasema na wale wanaopenda kweli, wanaotoa hata maji yao ya kuogea, na wanaoshangaa kwa nini majani yanageuka manjano.

KUSHIKA SHINA NA KUVUTA

Mzazi wa namna hiyo agunduapo kwamba amekosea, mara nyingi huruka kutoka kosa moja hadi jingine. Jana alitoa kila kitu, leo anatoa mtoto nje. Huyo ndiye ashikaye shina na kuvuta. Udongo mbovu wamtoka kweli mtoto, lakini mizizi hukatika pamoja nao.

Na mizizi ya mtoto ni nini? Twaona ni miwili. Wa kwanza ni imani yake kwa Mungu, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa imebaki ishara ya msalaba tu afanyayo anaposikia radi. Wa pili ni hakika yake kwamba kwao ni kwao, kwamba yupo baba na yupo mama ambao, japo wamekasirika, hawajamfuta. Mtoto mwenye mizizi hii miwili aweza kupotea mbali sana na bado akawa hai. Aliyekatwa yote miwili, hata akikaa sebuleni petu na shati safi, twaweza kuwa tumempoteza tayari. Kwa hiyo kila adhabu, kila kunyima, kila katazo, na lipimwe kwa swali hili: je, lakata kilichooza, au lakata kilicho hai? Kukata deni tusiloweza kulilipa tena ni kukata kilichooza. Kumwita mbele ya majirani kwa jina la mnyama ni kukata kilicho hai.

Mtakatifu Benedikto, aliyeishi katika karne ya 6, alijua jambo hili. Katika Kanuni yake, sura ya 64, alipomwonya abati juu ya kuwarudi ndugu, alisema asikwangue kutu kwa nguvu mno, chombo kisije kikavunjika, na akamkumbusha ule unyasi uliopondeka ambao Mtumishi wa Bwana katika kitabu cha Nabii Isaya hauvunji. Benedikto hakusema kutu iachwe. Alitaka iondolewe kwa mkono unaokumbuka kwamba chombo ni cha thamani kuliko kutu.

Tena mtazameni Mtakatifu Monika, mama yetu wa Afrika. Mwanawe Augustino alipopotea katika mafundisho ya uongo, alimwendea askofu mmoja, akamsihi azungumze na kijana. Askofu akakataa. Alimshauri amwache kwa sasa, amwombee tu, maana kijana hakuwa tayari kufundishika. Mama akazidi kulia na kusihi, hata askofu akachoka, akamtuma aende zake akiwa na tumaini, kwa kuwa haiwezekani mwana wa machozi yale apotee. Baadaye, mwaka 383, Augustino alimdanganya mama yake kule Karthago, akapanda meli usiku kwenda Roma, akimwacha katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani. Monika hakumlaani wala hakukata tamaa. Alimfuata hadi Italia, akaendelea kusali, na Pasaka ya mwaka 387 Augustino alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi mjini Milano. Machozi ya Monika hayakumwagwa yote juu ya mtoto. Sehemu kubwa aliyamwaga mbele ya Mungu, na huko hakuna machozi yanayozidi.

MTUNZA SHAMBA WA INJILI

Bwana Wetu ametuachia mfano ulio kama ndugu wa mlimau wa Maganzo. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, mtu mmoja alikuwa na mtini uliokaa miaka mitatu bila kuzaa, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba akaomba mwaka mmoja zaidi. Angalieni alichoahidi. Hakuahidi kuuacha ulivyo, kana kwamba huruma ni kufumba macho. Wala hakuuchukia kwa kuwa amesumbuka nao bure. Aliahidi kuupalilia pande zote na kuutia samadi, yaani alikwenda kwenye mizizi, akaifungulia udongo ulioshikamana ipate hewa. Na mfano waishia hapo. Hatuambiwi kama mtini ule ulizaa. Bwana aliuacha wazi, kwa sababu kila mmoja wetu ndiye mti, na mwaka wake bado haujakwisha.

Katika sura ya 15 ya Injili hiyo hiyo yuko baba mwingine, ambaye mwanawe alidai fungu lake akaenda nchi ya mbali. Baba yule hakumtumia fedha huko alikokuwa akilisha nguruwe. Kama angetuma, labda kijana asingalirudi kamwe. Lakini wala hakufunga lango. Njaa ilipomfikia mwana, kitu kimoja kilikuwa hai ndani yake: alikumbuka nyumba ya baba. Mzizi ule mweupe haukuoza. Na baba, aliyejua kungoja, alijua pia kupiga mbio siku ilipofika.

Watu wa Shinyanga wameliona jambo hili kwa macho yao katika ardhi. Miti ilikuwa imekatwa kwa miaka mingi, na nchi ikabaki wazi hata Mwalimu Nyerere, alipoitembelea mwaka 1984, alisikitishwa na hali yake. Mwaka 1986 ukaanza mradi ule wa HASHI. Mwanzoni watu walitumaini vitalu na miche mingi ya kigeni. Kazi hiyo haikuwa bure, lakini upesi ilijulikana kwamba hazina kubwa ilikuwa tayari chini ya miguu yao. Wakazirudia ngitili za wazee, yaani kutenga eneo la malisho, kulifunga mifugo isilikanyage kwa majira yake, na kungoja. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua, kwa kuwa chini mizizi ilikuwa hai. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudishiwa miti kwa njia hiyo. Wenye shamba walizuia kilichokanyaga, wakajizuia na wao wenyewe, na Mungu akaotesha.

LA KUFANYA JUMA HILI

Basi, enyi wazazi, kama kwenu yuko kijana ambaye majani yake yamekuwa ya manjano, msiongeze bakuli leo. Wala msishike shina. Kaeni kwanza baba na mama pamoja, bila siri kati yenu, maana mtoto anyweshwaye gizani na mmoja na kunyimwa mchana na mwingine hana udongo wa kusimamia. Ulizaneni: ni kipi tumempa mno? Ni kipi hatujampa kamwe, labda kazi, labda nafasi ya kukosa na kutengeneza? Kisha mbadilishieni udongo: kazi yenye mshahara mdogo wa halali, mjomba au mlezi mwaminifu wa kumwongoza, saa za kulala na kuamka. Chombo kisiwe kikubwa. Msimwahidi duka wakati hajamaliza juma moja la kibarua. Kateni kilichooza kwa kisu kilichopitishwa motoni, yaani kwa maneno yaliyopita kwanza katika sala. Na baada ya hayo mtie kidole, mngoje, mtie tena. Wiki zile za kwanza ataonekana amelegea kuliko zamani. Mama hasa, ulegeze moyo wako, lakini usimwage maji.

Mwatuuliza, na yule wa Maganzo? Majuma matatu baada ya asubuhi ile, baba alipanda basi kwenda Geita. Alimkuta mwanawe, akamwomba radhi kwa ajili ya nguo zilizotupwa barabarani, kwa hilo tu, na akamwambia kwamba deni la tatu atalilipa mwenyewe, na kwamba kitanda chake kipo. Kijana hakurudi naye siku ile. Sasa anafanya kazi katika bustani ya mboga ya mjomba wake, analipwa kwa juma, na deni limepungua kidogo. Jumapili mbili amekuja nyumbani, na ya tatu hakuja. Mama hatumi tena fedha. Husali Rozari pamoja na mumewe, na twasikia kwamba mume ndiye aianzishaye.

Mlimau ulidondosha majani karibu yote. Binti alilia, lakini hakumwaga maji. Juma la saba alituandikia barua fupi, na mwisho wake aliandika kwamba pembeni mwa shina yametokea majani mawili, madogo kama kucha.

Mama Bikira Maria, wewe uliyemtafuta Mwanao siku tatu ukamkuta hekaluni, na ambaye hukuelewa jibu lake bali uliliweka moyoni, utuombee sisi wazazi na walezi, tujue kutoa, tujue kuzuia, na tujue kungoja. Amina.